Tathmini: rangi ya poda kwenye kalipa za hotirodi

Hotirodi, yaani gari la zamani lililojengwa upya kwa mwendo na sura, ikishavuliwa madigadi, kalipa za mbele (vibanio vya breki ya diski) hubaki nje, na kila anayepita huziona. Kokoto zinazorushwa na tairi, maji ya mvua, vumbi la pedi na tone la mafuta ya breki wakati wa kutoa hewa, vyote huishia hapo hapo. Kwa hiyo swali la rangi gani ipakwe kwenye kalipa halihusu urembo peke yake. Tunaitathmini hapa rangi ya poda inayookwa, tukiilinganisha na epoksi ya brashi, rangi ya kopo la kupuliza na Cerakote, rangi nyembamba ya kauri.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Kwa kalipa ya chuma cha kusubu kwenye gari la barabarani, poda iliyofanywa sawasawa inazishinda zote. Poda iliyofanywa ovyo ni mbaya kuliko chuma kitupu chenye kutu, kwa sababu inaingilia kazi ya breki yenyewe. Na tofauti kati ya kazi hizo mbili huioni kwenye rangi. Utaiona kwenye sehemu ambazo fundi aliziacha bila rangi.

Kalipa zenyewe

Ford ya 1932, gari linalopendwa sana na wajenzi wa hotirodi, ilitoka kiwandani na breki za ngoma zinazovutwa kwa fimbo za chuma. Ford haikuweka breki za mafuta mpaka kwenye magari yake ya 1939. Diski kwenye gari la namna hiyo huwa ni za kupandikizwa, na mara nyingi kalipa zake ni zile za General Motors za magari ya ukubwa wa kati ya 1978 hadi 1988, ambazo mafundi wa Marekani huziita za metriki. Zina pistoni moja ya inchi 2.5, yaani milimita 63.5, zinaelea, yaani zinateleza, juu ya pini mbili, na zimeenea kwa sababu vifurushi vingi vya mfumo wa mbele wa aina ya Mustang II (gari la Ford) vimetengenezwa kwa ajili yake. Ni chuma cha kusubu, kizito, chenye ngozi ya kukwaruza na mistari ya kalibu pembeni. Nyingi zinazouzwa leo zimekarabatiwa, maana yake zimekwisha kunywa mafuta, grisi na vumbi la barabara kwa miaka.

Upande wa pili kuna kalipa za alumini, kama Dynalite ya Wilwood yenye pistoni nne. Kwa hizi ushauri ni mfupi: ukitaka rangi, nunua iliyokwisha kupakwa poda kiwandani. Wilwood huuza kalipa nyekundu na nyeusi ambazo zimepakwa kabla ya kuunganishwa. Kuvua rangi ya kiwandani ili upake nyingine ni kazi yenye hatari zake, na tutazifikia.

Poda inatoa nini

Poda ni plastiki iliyosagwa ikiwa na rangi ndani yake. Bunduki huipa chaji ya umeme, chuma huunganishwa na waya wa ethi, poda ikang'ang'ania chuma, kisha oveni ikaiyeyusha na kuifunga kuwa ngozi moja. Koti moja huwa na unene wa maikroni 60 hadi 80. Ngozi hiyo inastahimili kokoto kuliko rangi yoyote ya majimaji tuliyoilinganisha nayo, haina michirizi ya brashi, na hufunika mikwaruzo midogo ya chuma cha kusubu bila kukiacha kionekane kama kimepakwa tope.

Aina ya poda si jambo la kumwachia mtu mwingine achague. Omba polista yenye TGIC, kemikali inayoifunga poda ikiokwa. Epoksi tupu ina mshiko mzuri na haiogopi kemikali, lakini juani hupauka na kutoa unga mweupe ndani ya muda mfupi. Kalipa ya hotirodi iko juani siku nzima. Mahali pazuri pa epoksi ni chini, kama praima yenye zinki, hasa kwenye chuma cha kusubu ambacho gari lake litaona mvua. Praima hiyo isiokwe mpaka iive kabisa kabla ya koti la juu. Iache ishikane tu na kuanza kung'aa, upige koti la rangi, kisha viive pamoja. Ikiiva kabisa peke yake, koti la pili linakosa cha kushika.

Kuhusu joto, watu wengi wana wasiwasi usiolingana na hali halisi. Polista ya kawaida huiva kwenye nyuzijoto 200 na haiungui ikifika hapo tena kwa muda mfupi. Sasa fikiria mafuta ya breki yaliyo ndani ya kalipa hiyo hiyo. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa mafuta mapya ya daraja la DOT 3 ni nyuzijoto 205, na yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na unyevu. Kalipa inayokaa kwenye joto la kuunguza poda ina shida ya mafuta kuchemka kabla ya shida ya rangi. Nyekundu ikianza kugeuka kahawia upande wa pistoni, usimlaumu aliyeuza poda. Tafuta pistoni iliyokwama au pedi isiyorudi. Nyeupe na rangi za peremende (za uwazi juu ya koti linalong'aa) ndizo zinazoonyesha joto mapema zaidi. Nyeusi na kijivu huvumilia bila kuonyesha. Kwa gari la mashindano kuna poda za silikoni zinazohimili zaidi ya nyuzijoto 500, ila uchaguzi wa rangi ni finyu, kwa kawaida nyeusi na fedha, na mng'ao wake ni hafifu.

Sehemu za kuacha wazi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofeli, na hapa ndipo tunapopima huduma yoyote ya poda kabla hatujatazama mng'ao.

Anza na silinda ya pistoni na mfereji wa sili. Sili ya kalipa ni ya pembe nne, na ndiyo inayorudisha pistoni nyuma baada ya kuachia pedali: hujipinda breki inapokanyagwa, kisha hujinyoosha. Chembe ya poda iliyookwa ndani ya mfereji huibana sili isijipinde inavyotakiwa, au huifanya ivuje. Kizibo cha silikoni kinachoingia kwenye silinda kwa kubana ndicho kinachofaa. Tepu pekee haitoshi, kwa sababu poda hupenya chini ya kingo zake. Mfereji wa kushikia mpira wa vumbi nao uzibwe.

Tundu la bolti ya banjo, ile inayofunga paipu ya mafuta kwenye kalipa, na uso unaolizunguka uachwe chuma kitupu kwa upana wa wosha ya shaba, na milimita moja zaidi. Wosha ile huziba kwa kupondwa dhidi ya chuma kilichosawazishwa. Chini yake kukiwa na poda, siku ya kwanza haivuji. Poda inakuwa mto. Halafu joto linakuja, mto unalegea, toki (mkazo wa bolti) iliyofungwa inapotea, na mafuta yanaanza kulowesha paipu. Tundu la nipo ya kutolea hewa ni hivyo hivyo: nipo huziba kwa ncha yake ya koni iliyo chini, na poda kwenye nyuzi huifanya ionekane imekaza kabla koni haijagusa kitako chake.

Kisha kuna mahali kalipa inapoteleza. Kwenye kalipa za GM nilizozitaja, ncha mbili za mwili wa kalipa hukaa kati ya vikomo vya breketi inayoishika, na nafasi inayotakiwa hapo ni inchi 0.005 hadi 0.012, yaani milimita 0.13 hadi 0.30. Sasa piga hesabu. Koti moja la maikroni 70 kila ncha limekula milimita 0.14. Ongeza klia (koti la juu lisilo na rangi) ya unene huo huo, umekula 0.28. Ukipaka na breketi pia, hakuna nafasi iliyobaki. Kalipa inaingia kwa kugongwa kwa nyundo ya mpira, fundi anadhani ni upya tu, na gari linatoka. Kalipa haielei tena. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, inakwisha kwa upande, diski inachemka, na ndipo ile nyekundu inapogeuka kahawia. Tatizo linaonekana kama la joto ilhali lilianza na tepu ambayo haikubandikwa. Ncha hizo zipitishwe faili laini mpaka ziwe safi, zizibwe kwa tepu ya polista ya kijani inayostahimili nyuzijoto 200, na nafasi ipimwe kwa filagheji (vibapa vya kupimia nafasi) wakati wa kufunga.

Matundu ya pini yazibwe pia, na uso wowote unaobanwa na kichwa cha bolti. Kwenye kalipa zinazofungwa kwenye breketi kwa bolti, rangi iliyo kati ya nyuso hizo husagika na kutambaa chini ya mzigo, na bolti hubaki na mkazo pungufu. Hili ni jambo la usalama moja kwa moja. Kalipa za vipande viwili zinatakiwa zitenganishwe, nyuso za kukutania zizibwe kabisa, na pete za mpira zilizo kwenye njia ya mafuta kati ya vipande ziwekwe mpya. Mtu asiye na maelekezo ya mtengenezaji kuhusu toki ya bolti zile asizifungue.

Mipira yote itoke. Hakuna sili ya breki inayotoka salama kwenye oveni ya nyuzijoto 200, na pistoni zisizo za chuma zisikaribie hata mlango wake. Ukisikia mtu anasema anaweza kupaka poda kalipa bila kuifungua, chukua kalipa zako.

Kabla ya rangi: mafuta yaliyojificha

Chuma cha kusubu kina vinyweleo. Ndani yake kuna hewa, na kwenye kalipa iliyotumika kuna mafuta. Ukipaka poda bila kuyatoa, yatatoka wakati wa kuoka, poda ikiwa tayari imeyeyuka, na kila kiputo kitaacha kitundu kama cha pini. Baada ya miezi kitundu hicho kinatoa kutu.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Toa pistoni kwa upepo wa kompresa, shinikizo dogo la baa 1 hadi 2, ukiweka kipande cha mbao mahali pa pedi na vidole mbali kabisa. Pistoni ikiruka inavunja mfupa. Osha kwa dawa ya kutoa grisi na maji ya moto, kabla ya kupiga mchanga. Ukipiga mchanga kwanza unaisukuma grisi ndani ya vinyweleo na kuibandika huko. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini kwa chuma kinachokwenda kwenye joto. Mabaki yake yakipashwa sana yanaweza kutoa gesi yenye sumu.

Baada ya kuosha, oka kalipa tupu kwa nyuzijoto 220 hadi 230, saa nzima ikiwa imetumika sana. Itatoka na madoa meusi yaliyochuruzika kutoka kwenye mashimo na kona. Hayo ndiyo yangekuwa viputo. Futa, osha tena, halafu ndipo upige mchanga. Oksidi ya alumini ya namba 80 inakipa chuma cha kusubu ukwaruzo unaofaa. Shanga za kioo huacha uso laini mno, poda haipati pa kushika. Kwa alumini punguza shinikizo na tumia chembe laini zaidi. Silinda na njia za mafuta zizibwe kwa raba wakati wote wa kupiga mchanga, maana punje moja iliyobaki kwenye njia ya mafuta itaisaga sili siku ya kwanza. Baada ya hapo ni glavu safi tu. Chuma kilichopigwa mchanga huanza kutu ndani ya saa chache penye unyevunyevu, kwa hiyo kipakwe siku ile ile. Oka kavu mara ya pili, nusu saa, uone kama bado kinatoa madoa. Kikitoa, rudia.

Alumini ni habari nyingine, na ndiyo hatari niliyoitaja juu. Alumini ya 6061-T6, aina moja ya aloi, hupata nguvu yake kwa kuokwa kwa utaratibu kwenye joto la karibu nyuzijoto 160 hadi 180. Ikikaa saa nyingi juu ya 200, nguvu hiyo hushuka bila dalili yoyote machoni. Kuoka kavu kwa saa nzima kwenye 230, ambako kwa chuma cha kusubu ni kuzuri, kwa kalipa ya alumini ni kosa. Isizidi 200, muda uwe mfupi, na tumia poda iliyotengenezwa kuvumilia gesi, ambayo hubaki majimaji muda mrefu kidogo ili viputo vitoke na uso ujifunge. Au tumia poda zinazoiva kwenye 160.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Wenye hotirodi hupenda DOT 5 ya silikoni kwa sababu haili rangi. Kalipa iliyokuwa na DOT 5 inahitaji kuoshwa mara mbili zaidi, kwa kuwa silikoni iliyobaki hufukuza poda iliyoyeyuka na kuacha vishimo vya mviringo vyenye chuma katikati. Mwambie mpakaji mapema. Atakushukuru, kwa sababu silikoni ikiingia kwenye oveni yake itaharibu kazi za wateja wengine pia.

Bunduki na oveni

Kalipa ina umbo gumu kwa bunduki. Umeme hukimbilia kwenye kingo na ncha, ukakwepa kona za ndani, hasa chini ya daraja linalopita juu ya diski na nyuma ya masikio ya bolti. Anayepuliza kwa volti ya juu atajaza kingo hadi zivimbe na kuziacha kona zikiwa kijivu. Dawa ni kuanza na kona: punguza volti, punguza upepo, sogeza bunduki pembeni ili poda iingie kwa mteremko, halafu umalizie nyuso za nje. Bunduki ndogo za karakana ya nyumbani, kama zile za Eastwood zenye kilovolti 15 na 25, zinatosha kabisa kwa kalipa. Mara nyingi zina faida hapa kuliko mashine kubwa ya kilovolti 100 iliyo mikononi mwa mtu mwenye haraka. Ethi ishikwe kwenye chuma kitupu, kwa mfano bolti iliyofungwa kwenye tundu la pini. Ndoano iliyojaa poda ya kazi za jana haipitishi umeme, na poda huanguka chini kama unga.

Kalipa ikiwekwa kwenye oveni ya nyuzijoto 200, muda wa kuiva hauhesabiwi kuanzia mlango ulipofungwa. Dakika 10 zilizoandikwa kwenye karatasi ya poda ni za chuma kikiwa chenyewe kimefika 200. Kipande kizito cha chuma cha kusubu kinaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kufika huko. Kipimajoto cha infraredi kielekezwe kwenye sehemu nene kuliko zote, upande wa silinda, si kwenye daraja jembamba. Kosa hili ndilo lililo nyuma ya malalamiko mengi ya poda inayobanduka kama ganda la yai: nje inang'aa, chini haijaiva.

Kuna kipimo rahisi cha kuiva. Lowesha pamba kwa MEK, kiyeyushi kikali, na usugue sehemu iliyojificha, kwenda na kurudi mara 50. Mng'ao kupungua kidogo ni kawaida kwa polista. Rangi ikilainika na kuanza kuvuka mpaka chuma kionekane, haijaiva. Irudishwe kwenye oveni.

Tepu ivuliwe kalipa ikiwa bado ya moto. Ikipoa kabisa, poda imekuwa ngozi ngumu inayounganisha tepu na kalipa, na ukivuta unang'oa ukingo. Ukingo uliochanika ndiko kutu inakoanzia. Ukilazimika kuvua ikiwa baridi, kata kwanza kwa wembe kufuata mstari.

Umaliziaji

Mistari ya kalibu iondolewe kwa jiwe au diski ya msasa kabla ya kupiga mchanga, lakini kwa kiasi: unalainisha mstari, huondoi nyama ya daraja wala mbavu. Daraja ndilo linalobeba nguvu yote ya kubana. Bodi fila ya kawaida isitumike, haivumilii oveni. Kuna putti zenye unga wa metali, kama Lab-Metal, zinazopitisha umeme na kuhimili kuokwa, na hizo zinajaza vishimo vikubwa vizuri.

Herufi zilizoinuka zinapendeza zikiachwa chuma. Baada ya koti la rangi, pitisha msasa namba 320 uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao juu ya herufi tu, mpaka chuma king'ae na kingo ziwe kali, kisha piga klia juu ya vyote siku hiyo hiyo. Bila klia herufi zitapata kutu wiki ya kwanza ya mvua. Stika za kawaida haziendi chini ya klia ya poda, zinajikunja ndani ya oveni.

Rangi za peremende juu ya poda ya kung'aa kama kromu hatuzipendekezi kwa chuma cha kusubu. Zinahitaji uso laini kama kioo, na kwenye ngozi ya kalipa huonekana na vivuli na mabaka. Nyeusi ya mng'ao wa nusu, kijivu cha chuma au nyekundu ya kawaida zinakaa vizuri zaidi na umbo la kazi. Kwa gari linalojengwa kwa mtindo wa zamani, hata poda yenyewe huenda isifae. Zinki ya manjano inayowekwa kwa umeme ni nyembamba, haigusi nafasi za kuteleza kwa kiasi cha kuhesabika, na inaonekana kama kifaa kilichotoka kiwandani.

Dhidi ya washindani

Epoksi ya sehemu mbili ya brashi, kama G2, ndiyo inayokaribia. Haihitaji oveni, kwa hiyo kalipa haifunguliwi, na kwa mtu ambaye sili zake ni mpya hilo ni jambo kubwa. Ikipakwa makoti mawili au matatu membamba hujinyoosha vizuri. Udhaifu wake ni kokoto: inabanduka kwa vipande mahali ambapo poda ingepata alama tu. Lakini inarekebishika kwa brashi ile ile, na poda hairekebishiki bila kuvuliwa yote.

Rangi ya kopo, kama VHT ya kalipa, inatajwa kuhimili nyuzijoto 482. Kuhimili joto si kuhimili mafuta ya breki. Ni nyembamba, na tone la DOT 3 lililosahaulika hulainisha. Inafaa kama suluhisho la msimu mmoja.

Cerakote ndiyo mshindani wa kweli kwa kalipa za alumini na za mashindano. Unene wake ni karibu maikroni 25, theluthi moja ya poda, na aina yake ya C hukauka bila oveni na kuvumilia joto kubwa mno. Aina ya H huokwa kwa nyuzijoto 120 tu, chini ya joto linaloisumbua alumini. Haina unene wala mng'ao mzito wa poda, na haifichi kasoro yoyote ya chini. Mpenzi wa nyekundu ing'aayo hataridhika nayo.

Kupokea na kufunga

Ukizipokea kutoka kwa mpakaji, usiangalie mng'ao kwanza. Pitisha kidole kilichovaa glavu safi kwenye mfereji wa sili, mzunguko mzima. Fungua na kufunga nipo kwa vidole. Iingie hadi mwisho bila spana. Weka wosha ya shaba kwenye uso wa banjo na uone kama inakaa juu ya chuma tupu pande zote. Puliza upepo kwenye njia ya mafuta juu ya karatasi nyeupe na utazame kama punje zinatoka. Mpakaji aliyefaulu haya manne anastahili kulipwa na kurudiwa hata kama kuna kapunje ka vumbi kwenye klia.

Uliza pia kulia na kushoto ni ipi. Zikishapakwa zinafanana, na zikibadilishana pande nipo inakuwa chini badala ya juu. Hewa haitatoka hata ukanyage pedali mchana kutwa. Alama ya kalamu haivumilii oveni. Gonga nukta moja kwenye sikio la kushoto kabla ya kuzipeleka.

Wakati wa kufunga, sili mpya ilowekwe kwenye mafuta safi ya breki, pistoni isukumwe kwa mkono na iingie sawasawa bila kupinda. Pini zipate grisi ya silikoni ya breki, kamwe si grisi ya petroli, ambayo huvimbisha mpira. Wosha za shaba ziwe mpya zote mbili. Toa hewa ukiwa na chupa ya maji pembeni: DOT 3 na DOT 4 huyeyuka kwenye maji, na tone lililooshwa papo hapo haliachi alama kwenye polista iliyoiva, ilhali lililolala hadi asubuhi huacha doa lililolainika. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu, ishikilie dakika moja, na mtu mwingine apitishe karatasi kavu kuzunguka banjo na nipo. Baada ya safari ya kwanza yenye kusimama mara kadhaa, acha zipoe kabisa, rudia karatasi ile, na upitishe spana ya toki kwenye bolti za kalipa. Bolti inayosogea hata kidogo ina rangi chini yake. Ifunguliwe, ikwanguliwe mpaka chuma, ifungwe upya.